Chai ya Bei Mbaya na Chai ya Kila Siku: Hela Yako Iende Wapi?

Nyumba ya Tanga inaweza kukaa wiki bila nyama na watu wakavumilia, lakini asubuhi ikipita bila chai, wote hununa. Chai huamsha watoto wa shule, hukaribishwa nayo mgeni, huzunguka jamvini msibani na harusini. Katika familia nyingi chai ndiyo chakula cha usiku: chai na mkate, chai na muhogo, chai na kiporo cha mchana. Kitu kinachoingia mwilini na mfukoni mara mbili au tatu kila siku kinastahili kufikiriwa vizuri. Hata hivyo wengi wetu tunanunua kwa mazoea: pakiti ileile, duka lilelile, bila kujua tumelipia nini.

Siku hizi uchaguzi umekuwa mgumu zaidi. Pembeni ya pakiti tulizozizoea, maduka makubwa yanapanga chai ya kijani, chai nyeupe, chai ya zambarau kutoka Kenya, Earl Grey, na hata unga wa matcha wa Kijapani. Kikopo cha gramu 50 kinaweza kuuzwa kwa bei inayotosha kununua pakiti kadhaa kubwa za chai ya kawaida. Mtu anasimama pale anajiuliza: kuna tofauti ya kweli, au nalipia kopo na maandishi ya dhahabu?

Jibu langu ni hili. Tofauti ipo, na ni ya kweli, lakini huonekana katika namna moja tu ya kunywa. Mnywaji wa chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki aweke hela yake kwenye maziwa, viungo, na majani mazuri ya kawaida. Mnywaji wa chai ya rangi, hasa asiyetia sukari au anayetia kidogo, huyo ndiye majani ya bei yanaweza kumlipa. Nitaeleza sababu, kisha tupige hesabu pamoja.

Chai yetu inatoka hapo juu tu

Mtu wa Tanga hana sababu ya kuiona chai kama kitu cha mbali. Ukitoka Muheza ukapanda barabara ya Amani, ukishaipita michungwa, unaikuta michai ya Bulwa, Kwamkoro na Monga, imekatwa usawa wa kiuno, imetanda hadi ukingoni mwa msitu. Amani ndipo Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa kupandwa chai katika nchi hii. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1926. Upande wa Usambara Magharibi kuna chai ya Lushoto, Bumbuli na milima ya Korogwe.

Iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga hutoka katika vijiji vya milima hiyohiyo ya Usambara Mashariki. Mto Zigi huanzia kwenye misitu ya Amani ukashuka hadi bwawa la Mabayani, na humo ndimo jiji la Tanga linamopata maji ya bomba. Ukiongeza maziwa ya wafugaji wadogo ambayo kiwanda cha Tanga Fresh kimekuwa kikiyakusanya kwa miaka mingi, kikombe kizima cha chai ya maziwa, ukiacha sukari, kinaweza kutoka ndani ya mkoa mmoja. Ni jambo la kujivunia, na lina faida ya moja kwa moja kwa mnunuzi: kitu kilichosafiri kidogo huwa kibichi zaidi, na mara nyingi ni nafuu zaidi.

Mchumaji huchuma chipukizi pamoja na majani mawili ya juu. Jani likishachumwa halingoji: siku hiyohiyo lifike kiwandani, linyaushwe, lisagwe, liachwe lichachuke hewani mpaka liwe na rangi ya shaba, kisha likaushwe. Kilo moja ya chai kavu hula kilo 4 hadi 5 za majani mabichi. Kwa sababu jani halingoji, kiwanda cha Mponde huko Bumbuli kilipofungwa mwaka 2013 kwa mgogoro, wakulima wa maeneo yale walibaki na michai iliyokua ikawa vichaka. Jani bichi lisilo na kiwanda karibu halina bei.

Chai nyingi tunayokunywa Afrika Mashariki hutengenezwa kwa njia inayoitwa CTC viwandani: mashine zenye meno hulikata jani, hulichana na kulivingirisha mpaka liwe punje. Punje hizo huchekechwa zikapangwa madaraja. Kubwa huitwa BP1, za kati PF1, na ndogo kabisa ni PD na D1, ambazo wenye biashara huziita vumbi. Jina hilo lisikutishe, maana vumbi la chai si takataka. Ni punje ndogo zinazotoa rangi na ukali kwa haraka, na ndizo zinazofaa sana kuchemshwa na maziwa.

Chai hiyo huuzwa kwa jumla mnadani. Mnada wa Mombasa, ambao uko mjini humo tangu mwaka 1969, hupokea chai ya nchi nyingi za Afrika, na Novemba 2023 Tanzania nayo ilianza mnada wake Dar es Salaam. Miaka ya karibuni wastani wa Mombasa umekuwa ukizunguka dola mbili na kitu kwa kilo. Gramu 2 zinazotosha kikombe kimoja hazifiki hata shilingi 15 kwa bei hiyo. Kinachoongezeka baadaye ni kuchanganya, kufungasha, kusafirisha, kodi, na faida ya kila mkono unaopitia.

Piga hesabu kwa kikombe

Kosa kubwa la mnunuzi wa chai ni kuangalia bei ya pakiti. Pakiti hainyweki, kinachonyweka ni kikombe. Kwa hiyo ukiwa dukani fanya mambo mawili: soma uzito ulioandikwa kwenye pakiti, kisha gawanya bei kwa gramu. Simu yako ina kikokotoo. Ukipata bei ya gramu moja, zidisha kwa 2, na hiyo ndiyo bei ya majani ya kikombe kimoja.

Tutumie bei za mfano. Wewe weka za dukani kwako. Tuseme pakiti ya gramu 250 ya majani ya kawaida ni shilingi 4,000. Gramu moja ni shilingi 16, kikombe ni shilingi 32. Boksi la chai ya vifuko 25, kila kifuko gramu 2, tuseme ni shilingi 2,000. Linaonekana nusu ya bei ya pakiti, lakini kifuko kimoja ni shilingi 80, yaani mara mbili na nusu ya majani ya kawaida. Kopo la chai maalumu la gramu 50 tuseme ni shilingi 15,000: kikombe ni shilingi 600.

Sasa chukua familia ya watu watano, kila mmoja vikombe viwili kwa siku. Kwa mwezi ni vikombe 300, sawa na gramu 600 za majani. Kwa pakiti ya kawaida familia hiyo itatumia shilingi 9,600. Kwa vifuko itatumia 24,000. Kwa chai maalumu itatumia 180,000. Hakuna haja ya maneno mengi: chai maalumu haiwezi kuwa chai ya birika la familia, na vifuko ni vya ofisini na safarini.

Vipakiti vidogo vya duka la mtaani, vile vya kuchemsha birika moja, vipime kwa hesabu hiyohiyo. Anayeishi kwa kipato cha kutwa hununua hivyo kwa sababu ndicho alicho nacho mkononi, na simlaumu. Ila kwa gramu, mara nyingi ndivyo vilivyo ghali kuliko vyote. Majirani wawili au watatu wakichangia pakiti kubwa wakagawana kwa kijiko, kila mmoja anaokoa.

Lakini hesabu yenye mafunzo zaidi ni ya kikombe kizima cha chai ya maziwa. Majani ni shilingi 32. Sukari vijiko viwili vya chai, kama gramu 8, kwa kilo ya shilingi 3,000, ni shilingi 24. Maziwa mililita 100, kwa lita ya shilingi 2,000, ni shilingi 200. Jumla shilingi 256, kabla ya viungo na mkaa au gesi. Majani, yaani kitu kinachoipa chai jina lake, ni sehemu moja ya nane tu ya gharama. Ukinunua majani ya bei mara mbili, kikombe kinapanda shilingi 32. Ukinunua majani hafifu ya nusu bei, unaokoa shilingi 16, halafu unaharibu maziwa ya shilingi 200. Kubana matumizi kwenye majani ya kawaida ni kubana pasipostahili.

Chai ya maziwa: nguvu ya jani, ubichi wa kiungo

Maziwa hufunika harufu nyepesi. Chai nyeupe au chai ya kijani ya bei ukiichemsha na maziwa, tangawizi na vijiko vitatu vya sukari, hutaionja, umeizika. Kinachopenya kwenye maziwa ni ukali, na ukali unatoka kwenye punje ndogo za CTC. Waarabu wa Ghuba, pamoja na ndugu zetu Waswahili wa Muscat, wanaipenda sana chai ya karak: majani makali ya kawaida, maziwa mazito ya kopo, iliki na sukari, vikachemshwa hadi rangi ya matofali. Hapo katikati ya utajiri wote ule, jani linalotumika ni la CTC kama letu.

Kwa hiyo mnywaji wa chai ya maziwa atafute pakiti ya punje ndogo, zenye ukubwa unaolingana, nyeusi za kung'aa kidogo, zisizo na vijiti na nyuzi za kahawia. Vijiti vingi maana yake umeuziwa mashina. Harufu iwe safi, isiyo ya ukungu wala ya gunia.

Fedha inayobaki ipeleke kwenye viungo, lakini vinunue vizima. Iliki ya kijani iliyofunga maganda, mdalasini wa gome, pilipili manga ya punje: hivi vinakaa miezi na harufu yake. Vya unga vikishafunguliwa vinapoa upesi, na huwezi kujua vimechanganywa na nini. Sokoni Mgandini muuzaji akikupa iliki, pasua ganda moja kwa ukucha. Mbegu ziwe nyeusi, zenye mnato, na harufu ipande puani mara moja. Zikiwa kavu na za rangi ya majivu, rudisha. Masala yaliyochanganywa tayari kwenye vifuko vya chai ni njia ya gharama ya kununua iliki kidogo sana.

Namna ya kupika nayo ina thamani ya fedha. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na ndiyo sababu chai ya watu wengine hugeuka mabonge wakadhani maziwa yalikuwa mabovu. Twanga tangawizi, itie kwenye maji na mdalasini, chemsha dakika tano mpaka maji yabadilike rangi. Joto likishakiua kimeng'enya hicho, tia maziwa. Yakichemka, tia majani, punguza moto, subiri dakika mbili au tatu. Iliki iliyopondwa iingie mwishoni, kwa sababu harufu yake hupotea na mvuke. Chuja papo hapo kabla ya kumimina kwenye chupa ya chai. Majani yakibaki ndani ya chupa, hadi saa nne chai imekuwa chungu, na watu wataongeza sukari kuficha uchungu ambao chujio lingeuzuia.

Chai ya rangi: hapa bei inaweza kuwa na maana

Pwani yetu ni ya wanywaji chai ya rangi pia, jioni hasa, na visheti, kaimati au mkate wa kumimina. Kwenye kikombe hiki hakuna maziwa ya kuficha kitu. Jani lenyewe ndilo linaloongea.

Chai maalumu nyingi hazipitii CTC. Majani hunyaushwa, husokotwa taratibu bila kusagwa, yakabaki mazima au vipande vikubwa. Chai ya kijani hupashwa moto au mvuke mapema ili isichachuke. Chai nyeupe ya daraja la juu huchukua chipukizi tu, zenye vinyweleo vya fedha, zikanyaushwa na kukaushwa bila zaidi. Kwa matcha, mchai hufunikwa kivuli kwa wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, kisha jani husagwa kwa jiwe na kunywewa lote bila kuchujwa. Bei ya halali inalipia kazi hii: mikono mingi, majani machache, mafungu madogo. Fikiria mchumaji anayetafuta chipukizi peke yake, akiacha yale majani mawili ambayo mwenzake wa CTC anayachuma. Kikapu chake kitajaa lini?

Kenya imeingia uwanja huu kwa mchai wa zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011. Kinywaji chake ukikikamulia ndimu hugeuka waridi mbele ya macho yako. Kwetu, huko Sakare katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, wakulima wadogo wanashirikiana na kampuni ya Kazi Yetu kutengeneza chai ya majani mazima. Hili ni jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Kwa miaka mingi chai yetu iliondoka kwenye magunia bila jina, ikachanganywa na ya nchi nyingine, ikarudi dukani ndani ya boksi la mtu mwingine. Chai inayoandikwa kijiji chake inampa mkulima nafasi ya kulipwa kwa ubora.

Ukitaka kuijua tofauti, jaribu hivi nyumbani. Chukua glasi mbili. Moja itie kijiko cha majani ya kawaida, nyingine vijiko viwili vya majani mazima, kwa sababu majani mazima ni mepesi na kijiko kimoja hakifiki gramu 2. Mimina maji yaliyotoka kuchemka, funika kwa sahani. Glasi ya kwanza inatoa rangi mara moja, nyuzi nyekundu zinashuka chini, na ndani ya dakika moja imekuwa nyeusi. Ya pili inachelewa. Majani yanaelea, yanashuka moja moja, yanajikunjua mpaka unaona ukingo wa jani wenye meno madogo. Dakika ya nne rangi yake ni ya asali. Onja zote mbili bila sukari. Ya kwanza inashika ulimi na kuukausha. Ya pili ni laini, ina harufu ya maua au ya matunda makavu. Hapo utajua kama tofauti ile ina thamani kwako. Usipoiona, bakia na chai yako, hujapungukiwa kitu.

Ukiiona, furahia jambo moja zaidi: majani mazima hayaishi kwa mara moja. Mimina maji ya pili, na ya tatu. Kikombe chetu cha shilingi 600 kikitoa vikombe vitatu, kila kimoja ni 200, sawasawa na maziwa uliyotia kwenye chai ya asubuhi. Kwa mtu mmoja, mara moja kwa siku, hicho si kiburi cha matajiri. Kwa birika la watu kumi ni hasara.

Maji ya moto nayo yapimwe. Chai nyeusi inataka maji yanayochemka. Ya kijani na nyeupe zinataka yaliyopoa kidogo, nyuzi 70 hadi 80. Epua, subiri dakika kadhaa, ndipo umimine. Watu wengi wanaosema chai ya kijani ni chungu kama dawa wameiunguza. Na kama unatumia maji ya kisima chenye chumvi, kama visima vingi vya pwani, usinunue chai ya bei kabla hujapata maji ya bomba au ya mvua. Maji magumu huua harufu na kuacha utando juu ya kikombe.

Dukani: maswali ya kuuliza, mambo ya kukataa

Kwa chai yoyote ya kufungashwa angalia alama ya TBS, jina la mfungashaji, tarehe ya mwisho ya matumizi, na uzito. Kwa chai inayojiita maalumu, ongeza maswali matatu: imelimwa wapi hasa, imetengenezwa lini, na ndani kuna majani au kuna harufu iliyoongezwa? Kopo lisiloweza kujibu hata swali la kwanza linakuuzia kopo. Chai nyingi za ladha ya embe, vanila au ndimu ni majani ya kawaida yaliyonyunyiziwa mafuta ya harufu. Earl Grey ni chai nyeusi yenye mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya michungwa. Hakuna ubaya, lakini ujue unalipia manukato. Ganda la ndimu kutoka jikoni kwako litafanya kazi ya karibu na hiyo bure.

Usisahau bustani. Mchaichai unaota uani bila kudai mbolea. Nanaa inakaa kwenye ndoo iliyotoboka. Rosela kavu sokoni haina bei kubwa. Vinywaji hivi havina mmea wa chai ndani yake, kwa hiyo havina kafeini, na vinafaa usiku na kwa watoto. Mtu anayenunua boksi la vifuko vya mchaichai huku mchaichai umejaa uani kwa jirani, ajiulize.

Jihadhari sana na chai za kupunguza unene na za kusafisha tumbo. Nyingi zimetiwa sanamaki, dawa ya kuharisha ambayo bibi zetu waliijua na kuitumia kwa kiasi. Uzito unaopungua ni maji na choo, mafuta ya mwili yapo palepale. Kuitumia kila siku kunaweza kudhuru utumbo na kupoteza madini mwilini. Hakuna chai inayotibu sukari wala presha. Aliye na maradhi hayo afuate daktari wake.

Ukishafika nyumbani, adui wa chai pwani ni unyevu. Hewa ya Tanga huingia kwenye pakiti iliyofunguliwa, na chai hunyonya harufu ya kila kilicho jirani. Usiiweke kabati moja na dagaa, sabuni au vitunguu. Itie kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, mbali na jiko na jua, na chota kwa kijiko kikavu. Chupa ya kioo inapendeza, lakini mwanga huimaliza chai. Nunua ya kutosha mwezi mmoja au miwili, basi.

Sukari, damu na watoto

Gharama nyingine ya chai hailipwi dukani. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke hadi kiasi cha vijiko sita vya chai kwa mtu mzima. Anayekunywa vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu kila kimoja ameshavuka vijiko hivyo sita bila kuhesabu soda wala kaimati. Punguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, ulimi utazoea. Faida nyingine ni kwamba ukipunguza sukari ndipo utakapoanza kuonja majani unayoyalipia.

Chai pia huzuia mwili kunyonya madini ya chuma kutoka kwenye mboga, maharage na nafaka. Kwa mama mjamzito na kwa mtoto, ambao upungufu wa damu huwapata kwa urahisi, jambo hili ni zito. Kwao chai isinywewe pamoja na chakula. Ipishane nacho kwa saa moja au zaidi. Familia inayokula chai na mkate usiku ikumbuke kwamba huo ni mlo wa wanga na sukari; ongeza mbaazi, yai au maziwa zaidi, na watoto wapewe uji.

Kwa anayeuza chai

Mama lishe na mwenye mgahawa wana hesabu yao. Majani ni sehemu ndogo ya gharama ya kikombe kwao pia, lakini ndiyo inayomrudisha mteja. Usichemshe tena majani ya jana. Usiache birika linatokota tangu alfajiri mpaka saa tano. Pika kidogo kidogo, mara nyingi. Na kama una wageni wa hoteli za Raskazone au Pangani, weka chai moja ya majani mazima ya Usambara kwenye orodha yako, itaje kijiji chake, ipe bei yake halali. Mgeni aliyefika Tanga anataka kunywa Tanga. Kumletea kifuko kutoka nje ya nchi, na mlima unauona kutoka barabarani, ni kumnyima alichokuja kukitafuta.

Gawanya hela hivi

Kama ningepewa bajeti ya chai ya nyumba ya kawaida, ningeigawa hivi. Sehemu kubwa iende kwenye maziwa halisi. Kisha pakiti kubwa ya CTC safi, yenye alama ya TBS, kwa ajili ya birika la asubuhi. Kisha iliki, mdalasini na tangawizi vizima, kutoka kwa muuzaji anayekuruhusu kupasua ganda. Vifuko vichache viwekwe kwenye mkoba wa safari. Hela ikibaki, kopo moja dogo la majani mazima ya milima yetu, la kunywewa jioni bila maziwa, na la kumtolea mgeni wa heshima. Matcha, chai za harufu na makopo ya dhahabu yasubiri mpaka mambo haya yote yametimia.

Mwezi huu, kabla hujanunua pakiti nyingine, geuza uione nyuma, soma gramu, gawanya bei, na usome imetoka wapi. Tukifanya hivyo wengi, wauza duka watalazimika kupanga chai ya Usambara mbele ya rafu zao, na mchumaji wa Bulwa atakuwa na sababu ya kuchuma vizuri zaidi.